Tone la Maji la Suresnes: Gari Lililozaliwa Uwanjani na Kuvaa Hariri

Mwezi Machi 2022, katika kisiwa cha Amelia huko Florida, gari moja la Kifaransa la mwaka 1937 lilipigwa mnada kwa dola za Marekani milioni 13.425. Hadi siku ile hakuna gari la Ufaransa lililowahi kufika bei hiyo mnadani. Jina lake ni Talbot-Lago T150-C SS. Bodi yake ilifanywa kwa mikono na karakana ya Figoni et Falaschi nje kidogo ya Paris, na wapenzi wa magari ya kale wanaliita Goutte d'Eau, yaani Tone la Maji.

Ukilitazama ubavuni unaelewa mara moja kwa nini watu hutoa fedha za namna hiyo. Hakuna mstari ulionyooka. Madigadi ya mbele yanavimba kama yamejaa pumzi, kisha yanateremka taratibu na kupotelea mlangoni. Paa linaanzia juu ya kioo cha mbele, linapinda na kushuka bila kukatika hadi nyuma kabisa, pale ambapo gari la kawaida lingekuwa na buti. Magurudumu ya nyuma yamefunikwa, hivyo gari linaonekana halikanyagi ardhi bali linaelea juu yake. Vitabu vya picha vimelisifu umbo hili kwa miaka mingi, na sifa hizo ni haki yake.

Lakini mimi naamini vitabu vile vinatazama mahali pasipo na sayansi kubwa zaidi. Uhandisi uliolifanya gari hili lishinde umejificha chini ya boneti, ndani ya kipande cha chuma ambacho mnunuzi wa mnadani hakioni mpaka afungue nati. Kisa chake kinaanza na kampuni iliyokuwa inakata roho.

Suresnes ni mji mdogo ukingoni mwa mto Seine, magharibi ya Paris. Alexandre Darracq alianzisha kiwanda hapo mwaka 1896, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda hicho kikawa sehemu ya muungano wa makampuni ya Kiingereza na Kifaransa ulioitwa Sunbeam-Talbot-Darracq. Katikati ya miaka ya 1930 muungano huo ulianguka kwa madeni. Upande wa Uingereza ukachukuliwa na wengine. Upande wa Suresnes ukabaki na Antonio Lago, Mwitalia mzaliwa wa Venice aliyekuwa amefanya kazi Uingereza katika biashara ya gia boksi na ambaye sasa alikubali kubeba mzigo uliowashinda wenye mali.

Lago hakuwa na fedha za kubuni gari jipya kuanzia mwanzo. Alichokuwa nacho ni chasisi nzuri, injini ya silinda 6 ya lita 3 iliyokuwa ya kawaida tu, na imani kwamba kampuni ndogo haiwezi kuuza magari ya bei kali bila jina, na jina hupatikana kwa kushinda mashindano. Kwa hiyo alimwita mhandisi wake, Walter Becchia, Mwitalia mwenzake, akamtaka aitoe nguvu ya mashindano kwenye injini ile ya dukani.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kidogo.

Injini ya petroli, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni pampu ya hewa. Petroli unaweza kuimimina kadiri upendavyo, lakini kila tone lake linahitaji hewa ya kuunguzia, na hewa hiyo lazima ipite kwenye mlango mwembamba unaofunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde: valvu ya kuingizia. Baada ya mlipuko, moshi nao lazima utoke upesi kupitia valvu ya pili, la sivyo hewa mpya itakosa nafasi. Mhandisi anayetaka nguvu zaidi kwenye silinda ileile ana swali moja la msingi: nitaifanyaje milango hii iwe mikubwa, na njia ya hewa iwe nyoofu?

Katika injini nyingi za wakati ule dari la chumba cha kuunguzia lilikuwa bapa, na valvu mbili zilisimama sambamba. Upana wa silinda ndio uliozibana, maana huwezi kuweka maduara mawili makubwa ndani ya duara moja bila kugusana. Sasa fanya dari hilo liwe kuba, nusu ya tufe. Valvu moja inalala upande huu wa kuba, nyingine upande ule, kila moja kwa mshazari wake. Kwa kuwa uso wa kuba ni mkubwa kuliko uso wa duara bapa lenye upana uleule, kila valvu inapata nafasi ya kunenepa. Hewa inaingia kutoka ubavu mmoja, inaungua, kisha moshi unatokea ubavu wa pili bila kurudi nyuma wala kupiga kona kali. Juu ya yote, umbo la tufe ndilo lenye uso mdogo kuliko maumbo yote kwa ujazo uleule, kwa hiyo joto la mlipuko halipati ukuta mwingi wa kupotelea. Linabaki kazini, linasukuma pistoni.

Wahandisi walilijua jambo hili tangu zamani. Tatizo lilikuwa namna ya kuzifungua valvu zilizolala pande mbili tofauti. Bugatti na Alfa Romeo walitumia kamshafti mbili juu ya injini, moja kwa kila safu ya valvu. Ni suluhisho safi sana, na ghali sana: linadai msururu wa gia au minyororo ya kuzipandishia nguvu kutoka chini, mashine za kukata chuma kwa vipimo vya nywele, na fundi mwenye subira kila valvu zinapohitaji kurekebishwa. Lago hakuwa na fedha za anasa hiyo.

Becchia aliiacha kamshafti ilipokuwa, moja tu, chini kwenye bloku. Kutoka hapo alipandisha pushirodi, zile fimbo nyembamba zinazosukuma roka juu ya silinda hedi. Ujanja wake ni kwamba alizipishanisha: fimbo moja inaelekea upande wa karibu, nyingine inavuka kwenda upande wa mbali, na roka zake zina mikono ya urefu tofauti ili kila moja iifikie valvu yake. Silinda hedi mpya ikafungwa juu ya injini iliyopanuliwa hadi lita 4, ikapewa kabureta 3. Magari ya wateja yalipata takriban nguvu za farasi 140, na ya mashindano yalipita 160.

Kila suluhisho lina gharama yake. Pushirodi na roka ndefu ni uzito unaopanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na uzito huo ndio unaoizuia injini kuzunguka kwa kasi kubwa kupita kiasi. Kamshafti za juu hazina mzigo huo. Lakini injini ya lita 4 haihitaji kupiga makelele ili itoe nguvu. Inavuta pumzi ndefu, inasukuma kwa utulivu, na haichoki mapema. Mwaka 1936, BMW ya Ujerumani ilitoa gari dogo la 328 lililotatua fumbo hilohilo kwa pushirodi za ziada zilizolala juu ya silinda hedi. Watu wawili katika nchi mbili walifikia wazo linalofanana kwa sababu moja: wote walitaka kuba, na wote walikuwa na injini ya kawaida mkononi.

Bahati ya Lago ilikuwa kanuni za mashindano. Tangu 1934 Grand Prix ziliendeshwa kwa magari yasiyozidi kilo 750, na serikali ya Ujerumani ilipowaunga mkono Mercedes-Benz na Auto Union, Wafaransa walibaki watazamaji kwenye viwanja vyao wenyewe. Klabu yao ya magari ilichoka. Mwaka 1936 na 1937 ikaamua kwamba Grand Prix ya Ufaransa itakuwa ya magari ya spoti, aina ya magari ambayo ndugu zake huuzwa dukani. Ghafla injini ya pushirodi yenye asili ya dukani ikawa silaha halali.

Tarehe 4 Julai 1937, katika uwanja wa Montlhéry kusini ya Paris, Talbot zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Louis Chiron alitangulia, Gianfranco Comotti akafuata, Albert Divo akaja nyuma yao. Septemba mwaka huohuo Comotti alishinda Tourist Trophy kule Donington, Uingereza, na René Le Bègue akawa wa pili kwa Talbot nyingine. Herufi C katika T150-C inasimama kwa Compétition, na baada ya miezi ile hakuna mteja aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Inafaa kuangalia kwa makini ni nani waliobeba rangi ya buluu ya Ufaransa siku zile. Mwenye kampuni Mwitalia, msanifu wa injini Mwitalia, dereva mmoja Mwitalia na mwingine wa Monaco, na gia boksi ya Mwingereza. Hata fundi aliyelivika gari nguo zake, Giuseppe Figoni, alizaliwa Piacenza na kuletwa Ufaransa akiwa mtoto. Fahari ya taifa iliundwa na wahamiaji, na Ufaransa haikupungukiwa na kitu kwa hilo.

Gia boksi hiyo ya Mwingereza nayo ina haki ya kuelezwa. Walter Gordon Wilson, mmoja wa wahandisi waliobuni kifaru cha kwanza cha vita, alitengeneza gia boksi inayochaguliwa mapema, na Lago aliifahamu ndani nje kwa kuwa alikuwa amefanya kazi na kampuni iliyoisimamia. Katika gari la kawaida la wakati ule dereva alikanyaga klachi, akavuta gia, akasikiliza injini, akaachia, na akikosea hata kidogo meno ya gia yalilia. Kwa mfumo wa Wilson kuna kishikio kidogo karibu na usukani. Dereva anakisogeza kwenye namba ya gia atakayoitaka, hata kama bado yuko mbali na kona. Hakuna kinachotokea. Mikono inarudi kwenye usukani, macho yanabaki barabarani. Anapoifikia kona anakanyaga pedali moja na kuiachia, na gia inaingia.

Ndani ya boksi hakuna meno yanayotafutana. Gia zote zimeshikana muda wote katika mpangilio wa sayari: moja katikati, ndogo zikiizunguka, na duara kubwa lenye meno kwa ndani likizifunika zote. Ukiliacha duara la nje lizunguke ovyo, nguvu haipiti. Ukilishika lisimame, zile ndogo zinalazimika kutambaa juu yake na kuizungusha shafti ya kutolea nguvu kwa mwendo mwingine. Kwa hiyo kubadilisha gia ni kuamua duara lipi lishikwe, na kazi hiyo inafanywa na mkanda wa breki unaobana ngoma kwa nguvu ya springi. Kuna uzito wa ziada na nguvu kidogo inapotea kwa msuguano. Hata hivyo, kwa dereva wa masafa marefu aliyechoka saa nane ya usiku, boksi isiyoweza kukosewa kirahisi ina thamani kuliko farasi watano wa ziada.

Sasa tuje kwenye nguo. Lago aliuza chasisi, injini na magurudumu. Bodi ilikuwa shauri la mteja na fundi wake. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa, kwani mabasi yetu mengi yanazaliwa hivyo hivyo: chasisi inaingia nchini ikiwa tupu, dereva ameketi juu ya vyuma bila paa wala kioo, inapelekwa kwa wajenga bodi, na wiki kadhaa baadaye linatoka basi lenye jina na rangi zake. Utaratibu ni uleule. Tofauti ni kwamba Figoni alikuwa akimshonea mtu mmoja, na hakuna magari mawili ya Tone la Maji yaliyofanana kabisa.

Chasisi aliyoipenda ilikuwa ya SS, yaani Super Sport, iliyofupishwa hadi mita 2.65 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mbele kila gurudumu lilijitegemea, nyuma kulikuwa na ekseli nzima juu ya springi za bapa. Karakana ya Figoni ilikuwa Boulogne, ng'ambo ya mto tu kutoka Suresnes. Mwaka 1935 alijiunga naye Ovidio Falaschi, Mwitalia mwingine, aliyeshughulikia fedha na wateja ili Figoni abaki na nyundo na karatasi zake.

Kazi ya bati katika karakana za namna ile ni sayansi iliyokaa mikononi. Fremu kwa kawaida ilikuwa ya mbao ngumu, na juu yake bati la chuma au aluminiamu lilipigwa mpaka likapata mkunjo. Aluminiamu ina tabia ya kukaidi. Kila pigo la nyundo linavuruga mpangilio wa fuwele zake, na kadiri zinavyovurugika ndivyo zinavyokataa kuteleza zaidi: bati linakuwa gumu, kisha linapasuka. Dawa yake ni moto. Ukilipasha joto hadi karibu nyuzi 400 za Selsiasi, fuwele zinajipanga upya na bati linalainika tena. Shida ni kwamba aluminiamu haibadiliki rangi inapopata moto kama chuma kinavyofanya. Haiwi nyekundu ili ikuonye. Inayeyuka kwa nyuzi 660, na fundi asiye makini anaona bati zuri likitoboka mbele ya macho yake. Kwa hiyo mafundi walipaka sabuni juu ya bati, wakapitisha moto taratibu, na kuitazama sabuni. Ikigeuka kahawia iliyokolea hadi nyeusi, bati limeiva. Moto unaondolewa na nyundo inarudi kazini. Kipimajoto kilikuwa kipande cha sabuni, na kilifanya kazi sawasawa. Mafundi wa bati wanaendelea kukitumia hadi leo.

Kisha bati linaingizwa kati ya magurudumu mawili ya chuma, moja kubwa na moja dogo lenye tumbo, na kupitishwa mbele na nyuma mara nyingi. Kila mpito unalikondesha bati kidogo na kulitanua. Mahali palipopitishwa sana pananyanyuka, na ndivyo uso bapa unavyogeuka kuwa uvimbe laini wa madigadi. Hakuna mashine iliyoamua mkunjo ule uanzie wapi. Kiganja cha fundi kilitambaa juu ya bati kikitafuta kilima au bonde, kwa sababu kiganja huhisi kasoro ambayo jicho haliioni.

Kwa nini tone la maji? Katika miaka ile wazo la kulainisha njia ya hewa lilikuwa limewashika watu wote, na halikuwa upuuzi. Paul Jaray, mhandisi aliyefanya kazi na watengenezaji wa ndege-puto za Zeppelin kule Friedrichshafen, alikuwa ameonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba gari linaweza kupunguziwa mzigo wa hewa kwa umbo lake tu. Hesabu zake ni rahisi na zinatisha. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne, na nguvu ya kuushinda inakuwa mara nane. Tuseme gari linahitaji nguvu za farasi 12 kupasua hewa kwa kilomita 90 kwa saa. Kwa kilomita 180 litahitaji 96. Ndiyo maana gari lenye farasi 140 linaweza kufika kilomita 180 na zaidi kwa saa, kisha likagoma kabisa kufika 250.

Watu wengi hudhani kazi ngumu iko mbele, kwenye pua. Ukweli ni kwamba hewa inapasuliwa kirahisi. Ugumu ni kuirudisha pamoja. Nyuma ya kitu butu, hewa inashindwa kufuata uso, inajitenga na kuacha eneo la misukosuko lenye kanieneo ndogo. Kanieneo ya mbele ikiwa kubwa na ya nyuma ikiwa ndogo, gari linavutwa kinyumenyume muda wote. Mkia mrefu unaokonda polepole unaipa hewa nafasi ya kujikunja na kukutana bila kujitenga. Tufe lina kipimo cha ukinzani cha karibu 0.47, lakini umbo lenye pua ya mviringo na mkia mrefu mwembamba linaweza kushuka hadi karibu 0.05 likiwa peke yake hewani. Ni karibu sehemu moja ya kumi, kwa sababu ya mkia tu.

Jina lenyewe, hata hivyo, linatokana na macho ya wachoraji kuliko maji yenyewe. Tone dogo la mvua linapoanguka ni tufe, na likiwa kubwa hubonyea chini likawa bapa. Halina mkia wowote. Umbo tunaloliita tone ni la maji yanayokaribia kudondoka kutoka kwenye bomba.

Figoni alilipenda umbo hilo kwa moyo wake wote, na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaomwita mwanasayansi. Alikuwa mchongaji mkubwa. Paa lile linaloshuka ni sahihi kwa kanuni za Jaray, na mkia unaokonda ni sahihi pia. Lakini gari linatembea karibu na ardhi, lina magurudumu yanayokoroga hewa na chini kumejaa vyuma, kwa hiyo kamwe halipati 0.05 ya umbo linaloelea peke yake. Isitoshe, mgongo uliopinda na tumbo bapa ni umbo la bawa la ndege. Kadiri mwendo unavyoongezeka, hewa inayopita juu inalinyanyua gari, na matairi yanapoteza uzito wa kuyakandamiza barabarani wakati ambapo dereva anauhitaji zaidi. Madigadi yaliyofunika magurudumu yanafungia joto la breki, na breki yenye joto inalegea. Dirisha la nyuma ni dogo kiasi kwamba dereva haoni vizuri anakotoka. Wakati Figoni akinyoosha mikia, mhandisi Wunibald Kamm kule Stuttgart alikuwa akionyesha kwamba mkia unaweza kukatwa ghafla baada ya kuanza kukonda na faida kubwa ikabaki. Mikia mifupi ya magari madogo ya leo inatokana na kazi ya Kamm.

Pamoja na hayo yote, gari lilikuwa la kweli. Mwaka 1938 katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, T150-C SS yenye bodi ya Figoni, ikiwa na paa lake na viti vyake, iliendeshwa na Jean Prenant na André Morel ikamaliza ya tatu, nyuma ya Delahaye mbili. Gari la kwendea operani lilikuwa limekimbia mchana na usiku mzima kati ya magari ya mashindano. Figoni alifanya takriban bodi 16 za umbo hili, na nyingi ya hizo zimehifadhiwa hadi leo.

Karakana nyingine nazo zilivika chasisi hiyohiyo. Kwa Marcel Pourtout michoro ilitoka kwa Georges Paulin, daktari wa meno aliyegeuka kuwa mmoja wa wasanifu makini kuliko wote katika elimu ya hewa. Vita vilipokuja na Wajerumani kuikalia Ufaransa, Paulin aliingia katika harakati za upinzani. Alikamatwa, na mwezi Machi 1942 akapigwa risasi katika ngome ya Mont-Valérien. Ngome hiyo iko Suresnes, kwenye kilima kilekile kilichokitazama kiwanda cha Talbot.

Baada ya vita Lago alirudi na injini mpya ya lita 4.5, bado ikitumia pushirodi na bado ikiwa na valvu za mshazari. Magari yake ya Grand Prix hayakuwa na mashine ya kushindilia hewa kama washindani wake, hivyo yalikuwa na nguvu ndogo kuliko wao, lakini yalikunywa petroli kidogo. Mwaka 1949 Louis Rosier aliwashinda Ferrari katika Grand Prix ya Ubelgiji kwa sababu hakusimama hata mara moja kujaza tangi. Mwaka uliofuata alishinda Le Mans kwa gari ambalo kimsingi lilikuwa lile la Grand Prix lililofungiwa madigadi na taa. Aliliendesha karibu saa zote 24 yeye mwenyewe, mwanawe akimpokea kwa mizunguko michache tu. Mwaka 1952 Pierre Levegh alijaribu kufanya hivyo peke yake kabisa kwa Talbot yake. Aliongoza hadi saa ya ishirini na tatu, injini ikavunjika ndani, na Mercedes wakachukua ushindi.

Kilichoiua biashara ya magari haya kilikuwa ushuru. Serikali ya Ufaransa baada ya vita ilitoza kodi nzito kwa injini kubwa, ikihesabu kwa farasi wa kodi. Talbot ya lita 4.5 iliitwa T26 kwa kuwa ilihesabiwa kuwa na farasi 26 wa namna hiyo, na idadi ya Wafaransa waliokuwa tayari kuwalipia ilipungua kila mwaka. Chasisi zilipokosekana, wajenga bodi walikosa kazi, kwani viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kuunganisha bodi na chasisi kuwa kitu kimoja cha chuma kilichokandamizwa na mashine. Karakana ya Figoni iliacha magari katika miaka ya 1950. Lago aliuza kampuni kwa Simca mwaka 1958 na akafariki mwaka 1960.

Walter Becchia hakuwepo kuyaona hayo, maana alikuwa ameondoka Suresnes mwaka 1941 na kwenda Citroën. Huko alikabidhiwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya Lago: injini ya gari la mkulima maskini, iwe ndogo, nyepesi, ipozwe kwa hewa, na iwake hata asubuhi ya baridi kali bila fundi kuitwa. Alichora injini ya silinda 2 yenye sentimita za ujazo 375 na nguvu za farasi 9. Ndani ya kila silinda aliweka kuba, nusu ya tufe, na valvu mbili zilizolala kwa mshazari, kila moja ubavu wake, zikisukumwa na pushirodi kutoka kwenye kamshafti moja.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Paris mwezi Oktoba 1948, likaitwa 2CV. Liliendelea kutengenezwa hadi Julai 1990, na yaliyotoka kiwandani yalikuwa zaidi ya milioni 3.8.